Nani Anakupeleka Kituoni?

Msikilizaji, Novemba 2010, siku ya uchaguzi wa bunge la Marekani, Facebook iliwaonyesha watu wapatao milioni 61 ujumbe wa kuwahimiza wapige kura. Maneno matupu hayakumtikisa mtu. Walioona pia picha ndogo za rafiki zao waliokwisha kubonyeza "Nimepiga kura" ndio waliojitokeza zaidi kidogo. Watafiti walikadiria kura 340,000 za ziada, nyingi zikitokana na kuambukizana kwa marafiki wa karibu. Utasema hizo ni chache mno kwa taifa kubwa vile. Lakini Florida, mwaka 2000, urais uliamuliwa kwa kura 537! Mitandao ina nguvu, ila nguvu yenyewe (wanasiasa wanaonunua matangazo wasikie) ni ya kuazima kwa ndugu na jamaa. Siku ya kura ikifika, mpitie jirani yako mwende pamoja.