Sarufi na Haki ya Kitabu

Wanafunzi wa fasihi huuliza mara kwa mara swali moja, nalo lastahili jibu: je, sarufi njema na sentensi za namna mbalimbali ni pambo la insha, au ni wajibu wa mwandishi? Wako wasemao kwamba maana ikifika, njia iliyopitia haina neno. Wako wengine wadhanio kwamba sentensi hubadilishwa ili msomaji asichoke, kama mpishi abadilishavyo kitoweo. Rai zote mbili zina upungufu mmoja: huitenga sentensi na ukweli wa jambo linalosemwa. Mtu aandikaye juu ya kitabu hutoa hukumu, na hukumu hiyo haina mahali pengine pa kukaa ila ndani ya sentensi zake.

Kielelezo cha jambo hili chapatikana Tabora, mji uliokuwa kituo kikuu cha misafara kati ya pwani na Ujiji. Mji huo umo katika habari za maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Tippu Tip. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikaa huko akamwoa Karunde, binti Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Mwana aliandika habari zake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu. Heinrich Brode, Mjerumani, alizigeuza katika hati za Kirumi akazichapisha mwaka wa 1902 na 1903; na W. H. Whiteley alizitoa tena, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, mwaka wa 1958 na 1959.

Mtindo wa habari hizo ni wa mwendo. Kitendo hufuata kitendo kwa kiambishi -ka-: mtu akaenda, akafika, akapigana, akapata. Katika habari ya vita na Nsama, ambaye msimulizi humwita Samu, vita vilivyopiganwa mwaka wa 1867 kusini ya Ziwa Tanganyika, kuuawa kwa watu na kupimwa kwa pembe kwa frasila husimama katika safu moja. Msimulizi ana haki ya mwendo huo. Alikuwa akieleza safari, na safari ni hatua baada ya hatua. Tena mwendo huo wenyewe hutufunulia moyo wake: kwa mtu huyu vita na mizani vilikuwa hatua mbili za kazi moja.

Lakini mwanafunzi aandikaye juu ya Tippu Tip hana haki hiyo. Akifuata -ka- mpaka mwisho, atakuwa amesimulia tena kile kilichokwisha kusimuliwa, na atakuwa amesema, bila ya kujua, kwamba mambo yote ya kitabu yana uzito mmoja. Hata msafara wenyewe haukuwa hivyo. Kirangozi alitangulia, pembe kubwa ilibebwa na mpagazi mwenye nguvu, na mzigo mwepesi ulipewa mwingine. Sentensi nazo zataka kugawiwa mizigo kwa kadiri ya yale zinayopaswa kubeba.

Tazama mambo mawili ya vita ile: pembe zilipatikana, na watu waliuawa. Mmoja aweza kuandika: Tippu Tip alipata pembe nyingi, ingawa watu wengi waliuawa. Wa pili aweza kuandika: Watu wengi waliuawa katika vita vilivyompatia Tippu Tip pembe nyingi. Wa tatu aweza kuandika: Watu wengi waliuawa ili Tippu Tip apate pembe. Sarufi ya wote watatu ni safi, bali hukumu zao hazilingani. Wa kwanza ameiweka pembe mbele, akavifanya vifo kuwa neno la pembeni. Wa pili amewarudisha waliouawa mahali pa mbele. Wa tatu ameshtaki nia, na ashtakiye nia sharti alete ushahidi kutoka kitabuni. Basi kuchagua sentensi si kuchagua nguo ya kuvisha wazo; ni kuamua wazo lenyewe litakuwa lipi.

Kiswahili kimejaliwa vyombo vikali kwa kazi hii. Mwaka wa 1871 njia ya kutoka Tabora kwenda Ujiji haikupitika kwa sababu ya vita kati ya Mirambo, mtemi wa Urambo, na wafanya biashara wa Tabora. Henry Morton Stanley alipigana upande wa wafanya biashara hao, na kitabu chake kilitoka mwaka wa 1872. Mwanafunzi akikihakiki kitabu hicho atasemaje? Akiandika kwamba njia ilifungika, amemwondoa mtendaji kabisa, kana kwamba njia ilijifunga kama jani la mti. Akiandika kwamba ilifungwa, amekiri kuwa mtendaji yuko ila amemficha. Akiandika kwamba Mirambo aliifunga, amemtaja mtendaji lakini hajamsikiliza. Akiandika kwamba Mirambo, aliyekuwa na madai yake juu ya ushuru wa njia, aliifunga, amempa mtu huyo nafasi ya kusema, hata kama mwisho wake atamlaumu. Kauli ya kutendwa si kosa. Yafaa pale mtendaji asipojulikana, au pale aliyetendwa anapostahili kutazamwa kwanza. Huwa kosa inapotumiwa kuwa mahali pa kujifichia.

Hatari nyingine ni ndogo kwa umbo, kubwa kwa madhara. Kiambishi a- hutumika kwa mtu ye yote wa umoja, mwenye nguvu na mnyonge. Mtu akiandika: Mtemi aligombana na mfanya biashara, akamnyang'anya mali, msomaji hana hakika mnyang'anyi ni nani. Walimu wengi huwakataza wanafunzi kurudia majina, wakisema kuwa marudio huchosha. Ni kweli, lakini uchovu wa msomaji ni hasara ndogo kuliko kumsingizia mtu wizi. Anuwai ya sentensi ina mpaka wake, na mpaka huo ni uwazi.

Huenda mtu akauliza: ikiwa sarufi ni haki, je, mwandishi wa zamani asahihishwe kwayo? La. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka wa 1928, na Tippu Tip alifariki mwaka wa 1905. Kumhukumu kwa kanuni iliyowekwa baada yake ni dhuluma, na kuyanyosha maneno yake yanaponukuliwa ni udanganyifu. Hata urefu wa sentensi zake hautajwi ila kwa hadhari. Maana Waswahili walioandika kwa hati za Kiarabu hawakuwa na desturi ya nukta na mkato kama ya leo, na mipaka mingi tuionayo katika chapa ni kazi ya wachapishaji. Mhakiki hujifunga mwenyewe kwa sarufi kamili. Mwandishi anayehakikiwa humwacha na lugha yake.

Wala makosa ya sarufi yasifanywe alama ya ubaya wa mtu. Kijana wa Unyamwezi ambaye lugha ya mama yake huingia katika Kiswahili chake hana dhambi, na fikira zake zaweza kupita za mwenzake asemaye kwa ufasaha. Lakini kwa sababu hiyo hiyo yafaa asaidiwe kunoa sentensi zake, ili fikira zake zisipotee njiani zikahesabiwa kuwa hazikuwapo.

Mwanafunzi akimaliza insha yake, na airudie polepole, akiuliza katika kila kitenzi: ni nani aliyetenda, na je, ametajwa? Katika kila sentensi aulize ni neno gani lililowekwa mbele, na kama kitabu chenyewe chastahilisha hivyo. Apatapo sentensi kumi zenye umbo moja, asizipambe. Aulize ni jambo gani alilokwepa kuliamua. Akijibu kwa uaminifu, sentensi zitabadilika zenyewe, kwa kuwa mambo ya kitabu hayafanani. Kitabu hakiwezi kujitetea mbele ya mhakiki wake, wala wale waliouawa kwa ajili ya pembe hawawezi. Wote humtegemea aandikaye, naye hana kingine cha kuwapa ila sentensi iliyonyoka.