Haki ya Kuku Kuoga Vumbi: Mfugaji Anadaiwa Nini?

Wajibu wa binadamu kwa wanyama anaowafuga hujadiliwa zaidi katika mambo makubwa, kama vile njaa, kipigo, mizigo mizito na namna ya kuchinja, lakini uzito wake huonekana wazi zaidi katika jambo dogo ambalo wafugaji wengi wa mjini hawalihesabu, nalo ni iwapo kuku aliyefungiwa uani ana haki ya kupata mahali pakavu pa kuoga vumbi. Kuku huyo hatakufa kwa kupakosa. Ataendelea kula, kunywa na hata kutaga. Kwa hiyo swali ni hili: je, mfugaji akishamkinga mnyama na njaa, kiu, maradhi na maumivu, amekwisha kulipa deni lake, au bado anadaiwa kitu ambacho mnyama anakipenda ingawa anaweza kuishi bila hicho?

Kuoga vumbi ni mwenendo wa kimaumbile, yaani tendo ambalo ndege huzaliwa na mwelekeo wa kulifanya bila kufundishwa, na vifaranga huanza kulijaribu wangali wadogo sana. Kuku mkubwa akipata mchanga laini, hasa adhuhuri jua linapokuwa kali, kwanza huuparura na kuuvuta kwa mdomo kuelekea kifuani, kisha hujilaza, hutimua manyoya na kupigapiga mabawa ili vumbi lipenye hadi kwenye ngozi, halafu hugaagaa ubavu huu na ule huku akisugua kichwa na shingo ardhini, na baada ya karibu nusu saa husimama, hujikung'uta kwa nguvu na kwenda zake. Akiwa na nafasi, hurudia tendo hilo kila baada ya siku mbili hivi. Faida yake inajulikana: kuku hujipaka mafuta yatokayo katika tezi iliyo juu ya mkia wake, na mafuta hayo yakichakaa hugandamanisha manyoya, basi vumbi huyanyonya na kuyaacha manyoya yakiwa mepesi, tena hupunguza chawa na utitiri wanaojificha humo.

Hata hivyo, faida hiyo haitoshi kulieleza tendo lote. Klaus Vestergaard, mtafiti wa Denmark aliyeshughulikia sana mwenendo huu, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka 1999 uchunguzi wa vifaranga waliozaliwa bila manyoya, na vifaranga hao nao walioga vumbi ingawa hawakuwa na manyoya ya kusafisha. Vivyo hivyo, kuku waliofungiwa katika vizimba vyenye sakafu ya waya hufanya hatua zote za kuoga pasipo hata chembe ya vumbi, wakipiga mabawa juu ya waya mtupu. Mambo hayo mawili yanaonyesha kuwa msukumo wa kuoga umo ndani ya kuku mwenyewe, wala hausubiri uchafu wa kuondolewa.

Hapo ndipo swali la kifalsafa linapokuwa gumu. Mwaka 2000 Tina Widowski na Ian Duncan, wa Chuo Kikuu cha Guelph nchini Kanada, walichapisha jaribio ambalo kuku walitakiwa kusukuma mlango uliowekewa uzito ili wafike mahali pa kuogea. Kama kuoga kungekuwa haja inayoumiza isipotimizwa, kuku walionyimwa vumbi kwa muda wangetarajiwa kuusukuma mlango kwa bidii kuliko wenzao, lakini tofauti hiyo haikujitokeza kwa uthabiti. Watafiti hao wakapendekeza kwamba pengine kuku huoga ili apate raha nafasi inapojitokeza, badala ya kujiondolea mateso yaliyojilimbikiza. Hoja hiyo ikikubaliwa, mfugaji anaweza kusema kwamba raha haimo katika deni lake, kwa kuwa yeye alijifunga kuzuia mateso tu.

Kauli hiyo ina mizizi mirefu katika fikra za Ulaya. Descartes, mwanafalsafa wa Ufaransa wa karne ya 17, aliueleza mwili wa mnyama kuwa mfano wa mtambo, na ilipofika mwaka 1789 Jeremy Bentham wa Uingereza akajibu kwamba kipimo cha haki ya kiumbe ni uwezo wake wa kuumia. Jibu la Bentham lilifungua mlango mkubwa, na sheria nyingi za kuwalinda wanyama zimepitia humo. Lakini likichukuliwa peke yake humwacha mnyama akilindwa dhidi ya mabaya pasipo kudai mema yoyote. Umoja wa Ulaya wenyewe, katika agizo lake la mwaka 1999 lililopiga marufuku vizimba vitupu kuanzia tarehe 1 Januari 2012, ulikivuka kipimo hicho, kwa sababu ulitaka kuku wa mayai wapewe viota, vijiti vya kulalia na matandazo ya kudonoa na kuparura, vitu ambavyo kuku anaweza kuishi na kutaga bila kuwa navyo.

Mapokeo ya dini yalikwisha kulipanua deni hili zamani. Qurani, katika Surat al-An'am aya ya 38, inawataja wanyama na ndege kuwa ni umma mfano wa wanadamu, na kiumbe aliye na umma wake ana maisha yake mwenyewe, hata kama yuko mikononi mwa mwingine. Katika karne ya 13, Izzuddin bin Abdisalaam, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, aliorodhesha haki za mnyama juu ya mwenyewe: alishwe hata akizeeka au akiugua asiwe na faida tena, asibebeshwe asichokiweza, asichanganywe na wanaomdhuru, mahali pake pa kupumzika pawe pazuri, na dume na jike wakutanishwe msimu wao ukifika. Haki hiyo ya mwisho inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa kuwa mnyama hafi kwa kukosa mwenzi. Mwanachuoni huyo ameihesabu kwa sababu ni sehemu ya maisha ambayo mnyama ameumbiwa. Kwa upande wa Ukristo, Mithali 12:10 inaifanya namna mtu anavyomjali mnyama wake kuwa alama ya uadilifu wake, na uadilifu ni neno zito kuliko huruma.

Tofauti kati ya uadilifu na huruma ndiyo inayotatua swali hili. Huruma hutolewa na mwenye nacho kwa hiari yake, ilhali uadilifu hurudisha kilichochukuliwa. Kuku wa kienyeji anayezurura kijijini haombi mtu vumbi, kwani hujichimbia shimo lake chini ya mwembe au kando ya ukuta wa jikoni. Aliyemnyima ni yule aliyejenga uzio, akasakafia ua kwa saruji na kumweka ndani yake kwa ajili ya mayai na nyama. Deni, basi, halitokani na ukubwa wa mateso ya kuku. Linatokana na uzio wenyewe, kwa sababu kila anayemfungia kiumbe huchukua dhima ya yale ambayo kiumbe huyo angejipatia mwenyewe, yawe ya lazima au ya raha.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba ni unafiki kumtafutia raha ndege atakayechinjwa Idi au Krismasi. Lakini hadithi ya Mtume Muhammad iliyopokewa na Shaddad bin Aws inaifanya ihsani, yaani kutenda jambo kwa wema na ukamilifu, kuwa faradhi katika kila kitu, kisha inataja kuchinja kuwa mfano: kisu kinolewe na mnyama astareheshwe. Ikiwa starehe inadaiwa dakika ya mwisho, haiwezekani isidaiwe katika miezi iliyotangulia. Wengine watasema kwamba vumbi ni uchafu; hao wakumbuke kwamba sheria ya Kiislamu inaukubali udongo safi ushike nafasi ya maji katika kutayamamu. Na anayeuliza kama ni haki kumhangaikia kuku wakati watu wana njaa atajibiwa na gharama yenyewe, maana kinachotakiwa ni udongo, majivu na kazi ya mikono.

Kazi hiyo huanza kwa kuchagua mahali penye jua lakini chini ya upenu, ili mvua za masika zisigeuze vumbi kuwa tope. Hapo huwekwa boksi la mbao, karai pana au tairi kuukuu lenye upana wa kutosha kuku wawili au watatu, kwa sababu kuku hupenda kuoga pamoja na wanyonge husukumwa nje nafasi ikiwa finyu, na ndani yake humwagwa mchanga na udongo mkavu uliochekechwa, kina cha sentimita 20 hadi 30, pamoja na majivu kiasi ya kuni. Majivu ya mbao zilizopakwa rangi au ya plastiki hayafai, wala chokaa inayounguza ngozi na macho. Kinyesi huondolewa, na vumbi likilowa hubadilishwa.

Mfugaji akishafanya hayo hana haja ya kumlazimisha kuku aoge, wala kuhesabu ameoga mara ngapi, kwa kuwa anachodaiwa ni fursa, na raha yenyewe ni ya kuku kuitwaa au kuiacha. Kumrudishia kiumbe uamuzi huo mdogo ni kukiri kwamba uhai wake haukuishia katika manufaa ya anayemmiliki, na mwenye kukiri hivyo kwa kuku mmoja amekwisha kuikubali kanuni inayowahusu wanyama wote walio chini ya mkono wake.