Hasara ya Kisanduku Ikomee kwa Nani?

Mas'ala tunayoyaandika leo si makubwa kwa umbo. Ni mas'ala ya kisanduku kidogo, kadiri ya kiganja cha mkono, kilichonunuliwa kwa shilingi 2,800 kikaunganishwa na televisheni. Lakini kisanduku hicho kiliwagawa watu wa darsa moja mafungu mawili kwa muda wa majuma mengi, na kila fungu lilikuwa na hoja yake. Twaona inatupasa kuyaeleza yaliyotupata, khasa kwa ndugu zetu wa Mombasa, Malindi na Lamu, kwani twasikia kwamba nao wananunua visanduku hivi hivi.

Sisi tuko Huruma, mtaa wa mashariki ya Nairobi, jirani na Mathare na Kariobangi. Majumba ya huku ni ya ghorofa sita na saba, yameshikana mabega, na mara nyingi aila nzima hukaa katika chumba kimoja. Watu wa pwani tulioletwa huku na riziki tuna chumba chetu cha darsa katika jumba mojawapo, na ndani yake mna televisheni ya zamani isiyojua intaneti. Wenzetu walitamani kuzisikiliza darsa za masheikh wa Mombasa zinazotangazwa kwa intaneti, basi wakachanga. Aliyeweza alitoa shilingi mia mbili, asiyeweza alitoa hamsini, na mama mmoja muuza mahamri alileta sarafu zimefungwa katika ncha ya leso. Fedha zikawekwa mikononi mwetu, tukaambiwa: Maalim, nenda ukatununulie.

Tulikwenda Luthuli Avenue, ambako vyombo vya umeme huuzwa kwa wingi. Tulionyeshwa namna mbili. Moja ilikuwa na jina linalojulikana, na bei yake ilipita shilingi 7,000. Ya pili ni ile iitwayo mitaani Android boksi, haina jina la kueleweka, na bei yake ni hiyo tuliyoitaja. Mwenye duka alisema, "Sheikh wangu, hiki kina kila kitu ndani. Mpira wote, sinema zote, hulipi cha mwezi hata shilingi." Hatukumuuliza ni nani basi anayelipa. Tulifurahi kwamba fedha zitabaki, na furaha ikatufunga kinywa. Twaliandika hili mbele kabisa ili msomaji asidhani kwamba twawafundisha wengine jambo tulilolishinda sisi.

Majuma mawili hayakupita ila majirani walianza kulalamika. Laini ya intaneti ya jumba letu ni moja. Mwenye kuiuza huigawa kwa vyumba vingi, na machoni pa ulimwengu vyumba vyote vina anwani moja. Huyu alisema intaneti imekuwa nzito kama mkokoteni wenye pancha. Yule alisema kila akifungua ukurasa huambiwa athibitishe kwamba yeye ni binadamu. Kijana mmoja wa darsa, ambaye kazi yake ni kutengeneza kompyuta, akakaa usiku akaitazama laini. Televisheni ilikuwa imezimwa, watu wamelala, na kisanduku chetu kilikuwa kikipeleka na kupokea habari kwa wingi kwenda pande tusizozijua. Akafungua mipangilio ya duka la programu la Play ndani yake, kwani chombo kilichopimwa na kukubaliwa na Google huonyesha hapo kuwa kimethibitishwa. Chetu hakikuwa.

Ndipo tulipoanza kusoma, tukaona kwamba jambo hili si geni duniani. Januari 2023 fundi mmoja wa Canada alitangaza kwamba kisanduku cha jina la T95, alichokinunua kupitia Amazon, kilimfikia kikiwa na programu ya uhalifu ndani yake. Mwaka huo huo kampuni ya Human Security ya Marekani ikaueleza mtandao mzima wa vyombo vya namna hiyo, ikauita BADBOX. Septemba 2024 kampuni ya Doctor Web ya Urusi ilihesabu visanduku vipatavyo 1,300,000 katika nchi 197 vilivyoingiwa na programu nyingine, Vo1d. Na miongoni mwa nchi vilikopatikana kwa wingi zilikuwamo Morocco, Tunisia, Algeria na Saudi Arabia, yaani nyumba za ndugu zetu. Desemba 2024 idara ya Ujerumani ya usalama wa mitandao ilikata mawasiliano ya vyombo 30,000 hivi na wale waliokuwa wakiviamrisha. Juni 2025 FBI ya Marekani iliwaonya watu hadharani, na Julai 2025 Google ilifungua kesi katika mahakama ya New York ikisema kwamba vyombo zaidi ya milioni kumi vimo katika mtandao huo.

Kazi ya programu hizi ni nini? Nyingine hufungua matangazo kwa siri, mtu asiyaone, ili mwenye tangazo alipishwe kwa macho ambayo hayakutazama. Lakini iliyo mbaya zaidi ni ile ya kukodisha mlango. Mhalifu aliye mbali hulipa apitishe mambo yake katika laini ya nyumba yako. Akiiba kwa kadi ya benki ya mtu, au akijaribu maneno ya siri ya watu mpaka yafunguke, nyayo zinazoonekana si zake. Ni za chumba cha darsa cha Huruma, na za mama wa ghorofa ya tatu asiyejua hata kisanduku ni kitu gani. Wala mtu asiseme, "Nitakifuta nianze upya." Maradhi haya mara nyingi yametiwa katika programu ya msingi ya chombo, na kukirejesha katika hali ya kiwandani hakuyatoi.

Basi tukakaa kushauriana, na hapo ndipo yalipozuka mas'ala yenyewe.

Mmoja wetu, mtu mwema, mwenye watoto watano, asiyekosa darsa, alisema: Kiuzeni. Wako watu kumi katika mtaa huu watakaokichukua leo kwa shilingi 2,000, na wao wanataka mpira tu. Sisi hatukukitengeneza wala hatukujua. Fedha zile ni za maskini, na maskini hana haki ya kupoteza. Alipoona tumenyamaza aliongeza neno lililotuchoma: Tajiri akipata hasara huiita funzo. Sisi tukipata hasara huwa ni chakula cha siku tatu.

Hoja hii haiondolewi kwa kukunja uso. Ni kweli kwamba katika biashara hizi hasara huteremka kama maji, na hutuama penye bonde. Kiwanda kimepata fedha yake, mwagizaji amepata, mwenye duka amepata, na wa mwisho kushikwa ni yule aliyechanga hamsini. Mtu aliyesimama bondeni akiuliza kwa nini yeye ndiye ayanywe maji machafu ya wote walio juu, ana haki ya kuuliza.

Lakini twamuuliza naye: utakayemuuzia amesimama wapi? Yeye pia ni wa Huruma. Yuko bondeni pamoja nasi, tofauti yake ni kwamba yeye bado hajajua. Tulipokuwa hatujui tulikuwa wenye kudhulumiwa. Tukimuuzia ilhali tunajua, tumekwenda kusimama upande wa yule aliyetudhulumu, tena huenda tukampita kwa ubaya, kwani yamkini mwenye duka hakujua.

Watu wa mtaa huu hawahitaji kuelezwa maana ya aibu iliyofichwa. Usiku wa 29 Aprili 2016, mvua kubwa ikinyesha, jumba la ghorofa sita lilianguka hapa hapa Huruma, kando ya mto. Watu wapatao hamsini walikufa. Baada ya saa kama themanini mtoto mchanga alitolewa chini ya kifusi yu hai, na nchi nzima ikalia kwa furaha na huzuni pamoja. Wakuu wa serikali walisema baada yake kwamba jumba lile lilikuwa limekwisha kutiwa alama ya kubomolewa. Hatulinganishi roho za watu na kisanduku cha televisheni, na tunamwomba radhi kila aliyefiwa ikiwa maneno yetu yatamgusa. Twalitaja kwa neno moja tu. Vyumba vile vilikuwa vikipangishwa, na kodi ya kila mwezi ikipokewa, ilhali habari ya ubovu ilikuwako kwa wengine. Hatukumsikia mtu hata mmoja Huruma akisema kwamba wapangaji walistahili kwa kuwa walipenda kodi ya chini. Basi mbona tulisema hivyo kwa mnunuzi wa kisanduku, "shauri yake, alipenda cha rahisi"? Kupenda bei ndogo si kosa. Kosa ni la anayejua akanyamaza.

Wanavyuoni wetu wameyashughulikia haya kwa mapana. Mwenye kununua kitu akakuta ndani yake aibu iliyokuwako kabla ya mauzo, nayo inapunguza thamani, ana hiari ya kukirudisha na kupewa bei yake, hata kama muuzaji naye hakujua. Ajuaye aibu, ni wajibu juu yake kuibainisha, na kuinyamazia ni khiyana. Na katika madhehebu yetu ya Shafi mnunuzi akishajua hana ruhusa ya kukilaza, arudishe mara moja, kwani akiendelea kukitumia amekiridhia. Vijana wetu waliomba kukitazamia mechi moja ya mwisho usiku wa Jumamosi. Tulikataa, na hawakutupenda siku ile.

Liko na jambo la pili tulilolipitia kwa haraka, kwa kuwa jawabu lake si gumu. Ile mipira yote na sinema zote zisizolipiwa, je, ni halali? Wako wasemao kwamba makampuni yenye kumiliki ni tajiri. Utajiri wa mtu haukufanya mali yake iwe ya kila apitaye. Baraza la kimataifa la fikihi lilipokutana Kuwait Desemba 1988 liliamua kwamba haki za watungaji na wavumbuzi ni haki za kisheria zenye kulindwa, na haifai kuzivuka. Na sheria ya Kenya ya hakimiliki ya mwaka 2001 yasema mfano wa hayo. Lakini sisi twaona jambo jingine katika ile zawadi ya mwenye duka. Kitu cha thamani kikitolewa bure kila mwezi, bila shaka kuna anayelipa. Katika kisanduku chetu waliolipa ni majirani, kwa laini yao na kwa jina jema la anwani yao.

Tumeulizwa: Je, maskini afanye nini, akae gizani? La. Simu aliyo nayo mkononi huweza kumsikilizisha darsa ile ile, na kipaza sauti kidogo chatosha chumba kizima. Akitaka picha katika televisheni, na angoje achange miezi miwili zaidi, au anunue kilichotumika cha jina linalojulikana, lakini kabla ya kutoa fedha aombe kiwashwe dukani, afungue yale mipangilio ya Play, atazame kama kimethibitishwa. Ni kazi ya dakika tano. Muuzaji akikataa kukiwasha, amekwisha kujibu.

Basi siku ya pili tulikipeleka Luthuli. Risiti ilikuwa imepigwa muhuri kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, nasi tulikuwa tayari kwa ugomvi. Mwenye duka hakugombana. Alitusikiliza, akakuna kichwa, akasema hajui mambo hayo, yeye hununua kwa katoni. Mwishowe akatoa shilingi 2,000 akasema, "Hizi ni kwa heshima yako, Sheikh." Tukazipokea. Kabla hatujafika mlangoni tulimwona akikifuta vumbi kisanduku kwa shati lake, akikirudisha katika boksi lake, akakipanga juu ya rafu pamoja na wenzake.

Tulisimama pale mlangoni muda, watu wakitupiga vikumbo. Sheria ilikuwa upande wetu. Tulikuwa tumebainisha aibu, tumerudisha kwa wakati, na bei tumepewa pungufu ya haki yetu. Kilichobaki kilikuwa ni dhima ya mwenye duka na Mola wake. Hivyo ndivyo tungemjibu mtu mwingine akituuliza, wala tusingekuwa tumekosea. Lakini tulikuwa tunajua kwamba kabla ya magharibi kisanduku kile kitakuwa katika chumba cha mtu, labda Huruma, labda Kayole, na tulikuwa tumekwisha kumwambia ndugu yetu mwenye watoto watano kwamba haifai kumuuzia asiyejua. Tungemwambia nini sasa, kwamba haifai kwa mkono wetu, lakini yafaa kwa mkono wa mwengine tukitazama?

Tulirudi, tukamrejeshea shilingi zake 2,000, tukakitaka kisanduku chetu. Alituangalia kama mtu anayemwangalia mgonjwa. Kuhusu vile vilivyobaki juu ya rafu tulimwambia tunayoyajua, na kijana wetu akamwonyesha katika kimojawapo jinsi ya kutazama kama kimethibitishwa. Alisema atamuuliza aliyemuuzia. Hatukuwa na amri juu yake zaidi ya hapo.

Zilibaki fedha za watu. Baadhi ya wenzetu walisema wamezisamehe, lakini amana haisamehewi na wachache kwa niaba ya wote, na yule mama wa mahamri hakuwapo alipokuwa akisamehewa mtu shilingi zake. Aliyechagua cha rahisi bila ya kuuliza ni sisi. Tumekwisha kurudisha 1,900, na zilizosalia zitatimia mwezi ujao inshallah. Kisanduku kimefunguliwa kwa bisibisi na kuvunjwa, waya wake anautumia yule fundi wa kompyuta, na kidude cha kubadilishia stesheni amepewa mtoto mdogo wa jirani, anacheza nacho kama simu.