Jembe la Siku ya Tatu

Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wapo wadhanio kuwa siku hiyo ndipo wema ukomapo. Sisi twaona kinyume.

Hapa Mitundu, kwenye barabara itokayo Itigi kwenda Rungwa, msafiri aliyekwama hupewa maji kabla ya kuulizwa atokako. Huo ni wema. Lakini apokeaye kila siku pasipo kutoa, hatimaye huinamisha kichwa. Jembe humwinua: humwambia kwamba naye ana mikono, na kwamba shamba lamhitaji.

Tuwatazame wakimbizi wa Burundi waliotufikia mwaka 1972. Huko Ulyankulu na Katumba walipewa ardhi, wakalima, wakajilisha, wakauza mazao. Lakini uraia wa Tanzania zaidi ya 160,000 kati yao na wazao wao waliupata mwaka 2014. Jembe walipewa mapema. Kiti barazani walikingoja zaidi ya miaka 40.

Basi, vijana wetu, wema kwa mgeni una hatua tatu: chakula, jembe na kiti. Ampaye mgeni jembe akamnyima kiti, amepata kibarua; hajapata ndugu.