HAKI YA MWILI

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad:

Mwili wa mwanadamu ni amana. Abdullah bin Amr alipokuwa akifunga kila siku na kusali usiku kucha, Mtume (S.A.W.) alimkataza, akamfahamisha kuwa mwili wake nao una haki juu yake. Ikiwa ibada haikuwa udhuru wa kuinyima haki hiyo, raha ya kuketi itakuwaje udhuru?

Aghalabu mtu akipatwa na kisukari au shinikizo la damu, jamaa zake kwa mapenzi humwambia: "Keti, pumzika." Maji huletewa alipo, sokoni hutumwa mtoto, na hata msikitini, palipo karibu, hupelekwa kwa gari. Nia ni njema, lakini mwisho wake ni madhara. Kwani misuli ifanyapo kazi hutwaa sukari iliyomo katika damu, hata kwa yule ambaye mwili wake hauitikii insulini barabara. Na moyo uliozoezwa hupiga kwa wepesi, na shinikizo la damu hupungua. Akaaye kitako hukosa yote hayo, na nguvu humwishia.

Wala jambo hili si geni. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliitanguliza riyadha mbele ya chakula na usingizi katika kuhifadhi siha. Mwaka 1953 tabibu Jeremy Morris na wenzake walieleza kuwa makondakta wa mabasi ya ghorofa ya London, waliopanda na kushuka ngazi kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa vitini. Na mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliwausia watu wazima, hata wenye maradhi ya kudumu, watembee kwa haraka, au wafanye mfano wa hayo, dakika 150 hadi 300 kwa juma.

Lakini dini ni wastani. Mgonjwa asiache dawa, bali amuulize tabibu, kisha aanze kidogo kidogo. Atumiaye insulini achunge sukari isishuke mno. Mwenye kisukari atazame nyayo zake zisiwe na jeraha. Aonaye maumivu ya kifua asite papo hapo, atafute tabibu. Na asiyeweza kusimama hana lawama: ameruhusiwa kusali ameketi, na kiungo awezacho kukinyosha, na akinyoshe.

Basi ampendaye mgonjwa wake asimwambie "Keti." Na amshike mkono waende msikitini kwa miguu, kwani kila hatua ina thawabu. Mwenyezi Mungu awaafu wagonjwa, na awaongoze wawauguzao. Amin.