Shika Brashi, Umalize Kimoja

Fungua hilo boksi. Ndiyo, lile ulilolisukuma juu ya kabati. Ndani yake kuna jeshi zima limelala: shujaa mwenye shoka, mchawi aliyeinua fimbo, kikosi cha mifupa inayotembea, na joka ambalo mabawa yake bado hujayabandika kwa gundi. Wote wana rangi moja, kijivu cha plastiki. Uliwanunua kwa shauku kubwa, ukajiambia utawapaka rangi ukipata nafasi. Nafasi haikupatikana. Kilichopatikana ni boksi la pili.

Hauko peke yako. Popote wanapokutana wapenzi wa visanamu vya ulimwengu wa njozi, kuanzia Nottingham hadi Texas, utawakuta wenye marundo kama lako, na wengine marundo yao yanakaribia dari. Wapo wanaosonga mbele na wapo wanaobaki kununua tu, na kinachowatenganisha si kipaji wala uzito wa mfuko. Wanaosonga mbele humaliza. Huchagua kisanamu kimoja, huweka tarehe, hukipaka mpaka mwisho, kisha huchukua kingine. Bandu bandu huisha gogo.

Walianza na walichokuwa nacho

Usidhani burudani hii ilianzishwa na watu waliokuwa na kila kitu. Mwaka 1913, H. G. Wells, mwandishi Mwingereza aliyevuma kwa hadithi za kisayansi, alichapisha kitabu cha kanuni za kupigana vita kwa askari wa kuchezea, kiitwacho Little Wars. Uwanja wake wa vita ulikuwa sakafu ya nyumbani, na mizinga yake ilikuwa ya springi, inarusha vijiti vya mbao. Mtu mzima mwenye jina kubwa alipiga magoti sakafuni bila kuona haya.

Mwaka 1974 huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, mchezo uliowaingiza mamilioni ya watu katika nchi ya majoka na mazimwi. Toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000 tu. Siku hizo hapakuwa na maduka yaliyosheheni visanamu vya kila dude la kutisha. Gygax alichukua vinyama vya plastiki vya bei poa vilivyotengenezwa Hong Kong, akavipanga mezani na kuvitungia tabia. Owlbear, dude lenye mwili wa dubu na kichwa cha bundi, lilizaliwa hivyo. Leo, miaka 50 na zaidi baadaye, wachongaji wa kulipwa wanalichonga upya kwa ustadi wa hali ya juu, ilhali babu yake ni kinyama cha plastiki kutoka kwenye pakiti ya watoto.

Mwaka 1975, vijana watatu wa London, John Peake, Ian Livingstone na Steve Jackson, walianzisha Games Workshop. Bidhaa zao za kwanza zilikuwa mbao za kuchezea, na miongoni mwake zilikuwemo mbao za mankala, ukoo uleule wa bao linalochezwa barazani kwetu. Mwaka 1979 ikazaliwa Citadel Miniatures, karakana ya visanamu; mwaka 1983 ukatoka Warhammer, mchezo wa vita vya visanamu. Desemba 2024 Games Workshop iliingia kwenye FTSE 100, orodha ya makampuni 100 makubwa ya soko la hisa la London. Imefika huko kwa visanamu vinavyoenea kiganjani, ambavyo mnunuzi huviunganisha na kuvipaka rangi mwenyewe.

Hakuna kati ya hao aliyesubiri vifaa vitimie ndipo aanze. Wewe unasubiri nini?

Lengo liwe na siku ya kuisha

“Mwaka huu nataka niwe mpakaji hodari.” Maneno matamu, lakini Jumanne jioni ukikaa mezani hayakuambii uanze na nini. Uhodari hauna siku ya kufika, kwa hiyo kila siku utajiona umechelewa, na anayejiona amechelewa kila siku mwisho hukata tamaa.

Sasa sikia lengo lingine: “Kufikia mwisho wa mwezi, mchawi huyu awe amekamilika mpaka kitako chake, na joho lake lififie taratibu kutoka zambarau iliyokolea hadi waridi.” Hapo kuna kitu cha kushika, kuna tarehe, na kuna ujuzi mmoja wa kujifunza. Mwezi ukiisha utajua umefika au hujafika. Kama hujafika, utajua umekwama wapi.

Shikilia sana hilo la ujuzi mmoja. Wengi hujichosha kwa kutaka kisanamu kimoja kiwafundishe yote: chuma kinachong’aa bila rangi ya metali, mwanga wa mwenge usoni, ngozi, manyoya, kutu na matope. Chagua moja. Mwezi huu jifunze ngozi, mengine yapake kwa namna uliyokwisha kuizoea. Mwezi ujao jifunze chuma. Baada ya mwaka utakuwa na mambo 12 mkononi na visanamu 12 kabatini, kila kimoja shahidi wa somo lake.

Amua pia kiwango kabla hujagusa rangi. Kuna kisanamu cha kuchezea na kuna kisanamu cha maonyesho. Tangu mwaka 2020 kanuni za mchezo wa Warhammer 40,000 zimekuwa zikimpa mchezaji alama 10 za ziada kama jeshi lake lote limepakwa kwa kiwango cha kawaida: sehemu kuu zina rangi zake na kitako kimepambwa. Hicho ni kiwango cha heshima, na kinafikika. Askari 20 wa mstari wa mbele hawahitaji kila mmoja mboni za macho. Nguvu hizo mwekee jemadari wao.

Kimoja, hatua kwa hatua

Mtoe shujaa wako sasa. Visanamu vingi vya aina hii huwa na urefu wa milimita 28 hadi 32 hivi. Kwangua kwa kisu kidogo ile mistari iliyoachwa na kalibu, maana rangi haitaificha, itaianika. Kisha mbandike juu ya kizibo cha chupa. Kuanzia sasa utashika kizibo, shujaa hutamgusa tena kwa vidole. Egemeza viwiko mezani, kutanisha viganja vyako viwili kwa chini. Ile mikono uliyodhani inatetemeka mno kwa kazi hii itatulia.

Mpake andakoti nyeusi mwili mzima. Ikikauka, chukua nyeupe ya kupuliza na umpulizie kutoka juu tu, kwa mbali, kama mvua ya manyunyu. Mtazame. Nyeupe imetua pale ambapo jua la saa sita lingempiga: utosini, mabegani, juu ya mikunjo ya joho. Nyeusi imebaki makwapani na chini ya mkanda. Kabla hujafungua chupa ya rangi hata moja, umeshajua mwanga unakaa wapi na kivuli kinakaa wapi. Hiyo ndiyo siri kubwa ya kazi hii. Kiwiliwili kidogo namna hiyo hakitoi kivuli cha kutosha chenyewe, kwa hiyo mpakaji hukiongezea kwa mkono wake, na hukikoleza zaidi ya inavyodhaniwa. Ukiona umezidisha, rudi nyuma hatua mbili kisha utazame tena. Mara nyingi utagundua bado hujafika.

Rangi izimue kwa maji. Rangi nzito iliyotoka moja kwa moja kwenye chupa hufukia pua, vidole na pete za deraya ambazo mchongaji alizihangaikia. Matabaka mawili membamba yanalishinda tabaka moja nene siku zote. Na ili rangi isikukaukie, tengeneza paleti ya maji: kontena bapa lenye mfuniko, sponji iliyoloweshwa, na juu yake karatasi ya kuokea keki. Rangi itakaa mbichi kwa saa nyingi, na ukifunika utaikuta kesho.

Macho ndiyo yanayowaogofya wengi, na hayana haja ya kuogofya. Anza nayo mapema, kabla ngozi haijakamilika. Weka doa jeusi kwenye tundu la jicho, kisha mstari mwembamba wa nyeupe iliyotiwa kijivu kidogo, ukiacha ukingo mweusi pembeni. Mboni usiifanye nukta inayoelea katikati, maana shujaa atakodoa kama aliyeona jini. Ivute kama kijistari kutoka kope ya juu hadi ya chini. Ukipotoka, ngozi inakuja baadaye na itasawazisha kingo. Ndiyo maana tulianza na macho.

Wala usikimbilie brashi ndogo kupita zote. Mwaka 1866 Malkia Victoria wa Uingereza aliagiza kwa Winsor & Newton brashi bora kuliko zote za rangi za maji, na brashi za aina hiyo bado zinatengenezwa, kwa nywele za mkia wa kicheche wa Siberia. Wapaka visanamu wengi wanazipenda kwa sababu zina tumbo linalobeba rangi na ncha kali kama sindano. Brashi nyembamba mno hubeba tone dogo ambalo hukauka kabla halijafika jichoni. Tafuta ncha nzuri, hata kama brashi yenyewe ni ya bei ya kawaida. Namba 1 au 2 inatosha uso mzima.

Visingizio tuvimalize hapa

“Sina kipaji.” Kupunguza rangi kwa maji hakuhitaji kipaji. Kusubiri tabaka likauke hakuhitaji kipaji. Kukaa mezani kesho baada ya kuharibu leo hakuhitaji kipaji. Sehemu kubwa ya kazi hii ni mambo ya namna hiyo, na yote yamo ndani ya uwezo wako.

“Sina muda.” Nusu saa unayo. Tatizo ni kwamba nusu saa hiyo unaimaliza kwa kutafuta brashi na kupanga chupa. Tenga kipembe cha meza, au hata sinia, vifaa vikae hapo vikiwa tayari. Ukirudi kutoka kazini, unakaa na kuanza. Siku mbovu paka buti peke yake. Buti nalo ni sehemu ya kisanamu.

“Ni ghali.” Ni kweli, visanamu si bei rahisi, na hiyo ndiyo sababu ya kumaliza ulivyonavyo kabla ya kununua vingine. Brashi mbili, nyeusi, nyeupe, nyekundu, bluu, njano na kahawia zitakufikisha mbali kwa kuchanganya. Jiwekee sheria: boksi jipya haliingii ndani mpaka la zamani liwe na rangi. Utashangaa jinsi tamaa ya kununua inavyogeuka hamu ya kupaka.

Weka kazi yako mbele za watu

Tangu mwaka 1987 kuna mashindano ya Golden Demon, ambayo wapakaji wa Warhammer huyapa uzito kuliko mengine yoyote. Washindi hupata dhahabu, fedha na shaba, na bingwa wa jumla hukabidhiwa upanga hasa, Slayer Sword. Huna haja ya kuuota upanga huo mwaka huu. Jifunze tu kwa wanaouwania: kila mmoja wao ana tarehe asiyoweza kuisogeza. Siku ya kukabidhi kazi ikifika, kisanamu kinawekwa mezani mbele ya waamuzi, kiwe kimempendeza mwenyewe au hakikumpendeza.

Nawe jitengenezee tarehe kama hiyo. Kama mji wako una kilabu, waambie wenzako utaleta nini na lini. Kama hakuna kilabu, rafiki mmoja anatosha. Mwahidiane kuonyeshana kazi kila mwisho wa mwezi. Na ukionyesha, usitafute sifa tupu. Uliza: nikirekebisha kitu kimoja kwenye kisanamu kijacho, kiwe kipi? Jibu la swali hilo ndilo lengo lako la mwezi unaofuata. Vile vya zamani usivikwangue rangi ili uvianze upya. Viache kabatini kwa mpangilio wa tarehe, kwa sababu siku utakayoona huendi mbele, hivyo ndivyo vitakavyokuonyesha ulikotoka.

Basi, ndugu msomaji, chukua karatasi sasa hivi. Andika mistari mitatu: kisanamu gani, ujuzi gani, tarehe gani. Ibandike ukutani juu ya meza yako. Leo kwangua mistari ya kalibu, kesho paka andakoti, keshokutwa weka rangi ya kwanza. Tarehe ikifika kisanamu kiwe kimekwisha, hata kama jicho moja limekaa upande. Kisha, siku hiyohiyo, anza cha pili.