Mkono, Spika na Sala: Piano ya Kidijitali Kanisani

Piano ya kidijitali ya jukwaani haina nyuzi wala nyundo za kuzigonga, na mara nyingi haina hata spika yake yenyewe. Ikipigwa bila kuunganishwa na kitu, kinachosikika ni vidole vikigonga plastiki. Sauti yote inayomfikia muumini wa benchi la nyuma hutoka kwenye spika, baada ya kupita katika waya, miksa na amplifaya. Kanisa linalonunua piano hiyo limenunua nusu tu ya ala. Nusu nyingine ni vyombo vya kukuzia sauti na masikio ya fundi mitambo. Katika wilaya ya Karatu, kwenye makanisa ya vijijini kama ya kata ya Endabash, ambako waumini wengi ni Wairaqw na kwaya ndiyo fahari ya usharika au kigango, jambo hili huzaa swali la dini kabla ya kuzaa swali la ufundi. Je, sauti iliyorekodiwa mbali, ikahifadhiwa ndani ya chombo na kukuzwa kwa umeme, inaweza kuwa sehemu ya kweli ya sala? Na ikiwa inaweza, inapaswa kusikika namna gani?

Mashaka juu ya muziki ibadani ni ya kale. Agostino wa Hippo, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, alikiri kwamba nyimbo za kanisa zilimsaidia kusali, lakini akajihesabia kosa kila mara utamu wa sauti ulipomgusa kuliko maneno yaliyoimbwa. Huko Zürich, wakati wa mageuzi ya Zwingli, vinanda vya kanisa vilinyamazishwa mwaka 1524. Piano nayo ina historia ambayo wapigaji wengi wa leo hawaijui. Tarehe 22 Novemba 1903, Papa Pius X, katika waraka wake Tra le sollecitudini, aliipiga marufuku kanisani, akaitaja pamoja na ngoma na matoazi miongoni mwa ala zisizostahili. Kinanda cha mabomba ndicho kilichobaki na heshima. Miaka sitini baadaye, tarehe 4 Desemba 1963, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati ya Sacrosanctum Concilium, na fungu la 120 likafungua mlango: ala nyingine ziruhusiwe iwapo zinafaa kwa matumizi matakatifu, zinalingana na hadhi ya kanisa, na kwa kweli zinawajenga waamini. Mwaka huohuo padre wa Tanganyika, Stephen Mbunga, alichapisha kitabu chake Church Law and Bantu Music, akipima sheria za Kanisa juu ya muziki mtakatifu mbele ya muziki wa Waafrika wenyewe. Wairaqw si Wabantu, lugha yao ni ya Kikushi, lakini swali la Mbunga linawahusu sawasawa.

Kati ya masharti matatu ya Mtaguso, la tatu ndilo zito zaidi kwa mada hii, kwa sababu linahamisha hukumu kutoka kwenye ala hadi kwa watu wanaoisikia. Hata hivyo haliwezi kujibiwa kabla ya kujua piano ya kidijitali ni kitu cha namna gani.

Maagizo yaliyotolewa Roma tarehe 3 Septemba 1958 yalichora mpaka wenye manufaa hadi leo. Yalitenganisha ala zinazopigwa na mtu na mashine zinazojiendesha. Santuri, redio na utepe wa kurekodia vilikatazwa katika liturujia, ilhali vipaza sauti viliruhusiwa kukuza sauti hai ya anayeongoza ibada. Msingi wa mpaka huo ni kwamba sala ni tendo la mtu aliyepo. Upande wa Uislamu fikra hiyo haiko mbali: wanazuoni wengi wanaona kwamba adhana iliyorekodiwa haitoshelezi, kwa kuwa adhana ni ibada inayohitaji nia ya muadhini, lakini muadhini huyohuyo anaruhusiwa kutumia kipaza sauti.

Piano ya kidijitali inaonekana kukaa juu ya mpaka huo. Katika piano nyingi za aina hii, kila noti ni rekodi ya piano halisi iliyopigwa kwa nguvu tofauti mbele ya maikrofoni. Katika nyingine hakuna rekodi kabisa, sauti hukokotolewa kwa hesabu papo hapo. Lakini kwa vyovyote vile, chombo hakijui noti ipi inafuata. Chini ya kila kibonyezo mna kihisio kinachopima mwendo wa kidole, na kwa kanuni ya MIDI iliyoanza kutumika mwaka 1983, mwendo huo hugeuzwa kuwa namba kati ya 1 na 127. Lini noti ianze, ipigwe kwa upole au kwa nguvu, idumu muda gani na inyamaze lini, yote ni uamuzi wa mtu aliyeketi pale, anayemtazama mwalimu wa kwaya na kusikiliza waumini wanavyovuta pumzi. Kwa kipimo cha 1958, huyo ni mpigaji, na anachofanya kinaweza kuwa sala. Jambo ni tofauti pale kidole kimoja kinapobonyeza stail ya kinanda na ngoma, besi na gitaa vikajipiga vyenyewe, na ni tofauti zaidi pale kwaya inaposimama mbele na kuimbia pleibeki iliyoletwa kwenye flashi. Kwaya nyingi hufanya hivyo kwa nia njema, kwa kukosa mpigaji. Lakini wimbo wa flashi hauwezi kumsubiri bibi aliyechelewa ubeti, wala kupunguza mwendo pale machozi yanapoikata sauti ya kusanyiko, na upungufu huo haurekebishwi kwa spika bora.

Kama ukweli wa ala hii umo katika mkono, basi kazi ya vyombo ni kuufikisha mkono huo bila kuusemea uongo. Hapo mambo yanayoonekana kuwa ya kiufundi tu hupata uzito mwingine.

La kwanza ni kiwango cha sauti kinachoingia kwenye miksa. Piano ikiwekwa chini mno, fundi hulazimika kuongeza nguvu huko mbele na kukuza pamoja nayo mvumo wa waya. Ikiwa juu mno, taa nyekundu huwaka na vilele vya sauti hukatwa, noti zikakwaruza. Njia ya kawaida ni kuweka sauti ya piano kwenye robo tatu hivi, kumwomba mpigaji apige sehemu yenye nguvu kuliko zote katika wimbo, kisha kurekebisha mlango wa miksa hadi taa nyekundu isiwake. Kukatwa vilele kuna hasara kubwa kuliko kukwaruza: noti ya upole na ya nguvu huanza kufanana, na mpigaji aliyezuia kidole chake kwa heshima ya maneno husikika sawa na anayegonga. Mtume Paulo, katika sura ya 14 ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho, anauliza filimbi au kinubi kitatambulikaje kama sauti zake hazina tofauti. Alikuwa akizungumzia kunena kwa lugha, lakini mfano wake unaigusa miksa iliyojaa kupita kiasi.

La pili ni waya. Waya wa kawaida wa jeki ukirefuka kupita mita tano au sita huanza kunasa mvumo wa umeme, ule wa hezi 50 na vizidishio vyake. Kisanduku cha DI, kinachowekwa karibu na piano, hugeuza sauti iende kwenye waya wa maikrofoni ambao hufuta sehemu kubwa ya mvumo njiani. Piano na miksa zikichukua umeme kwenye tundu moja, mvumo unaotokana na ethi hupungua zaidi. Wako wanaoondoa mvumo kwa kukata pini ya ethi kwenye plagi. Jambo hilo lisifanywe kamwe, kwa kuwa linaweza kumuua mwimbaji anayegusa maikrofoni ya chuma, na hakuna usafi wa sauti unaolipa uhai wa mtu. Mahali penye jenereta, kifaa cha kusawazisha umeme ni sehemu ya vyombo kama ilivyo spika.

La tatu ni spika yenyewe. Piano ya vibonyezo 88 huanzia hezi 27.5 na kufikia 4,186, na mng'ao wa kila noti hupanda juu zaidi ya hapo. Amplifaya ya gitaa haifai, kwa kuwa imetengenezwa kutia rangi yake na hukata sauti za juu. Spika pana ya inchi 12 yenye honi inatosha kanisa la wastani. Ikiinuliwa juu ya vichwa na kuelekezwa kwenye masikio ya watu badala ya ukuta, itasikika vizuri hata bila nguvu nyingi. Ikisukumwa kwenye kona, besi itavimba na kufunika maneno.

Halafu lipo suala la stirio. Piano za jukwaani hutoa sauti kushoto na kulia, na aliyeketi katikati huisikia ikitandazwa mbele yake. Lakini kanisani karibu hakuna aliyeketi katikati. Wa upande mmoja watapata besi zaidi, wa upande wa pili watapata noti za juu, na akina mama wenye watoto walio karibu na mlango watapata masalia. Mono huwapa wote kitu kimoja. Ina gharama yake: rekodi za kushoto na kulia zikiunganishwa, mawimbi yanayopingana hufutana na baadhi ya noti hukonda, hivyo inafaa kutumia tundu lililoandikwa mono na kuchagua sauti ya piano iliyotengenezwa kwa ajili hiyo. Piano ikipoteza utajiri kidogo ili kila mtu asikie wimbo uleule, kusanyiko limetendewa haki.

Jengo nalo lina sauti yake. Makanisa mengi ya vijijini yana paa la mabati, sakafu ya saruji na kuta tupu, na kila kimoja kati ya hivyo hurudisha sauti. Piano nyingi zikiwashwa huja na mwangwi wa kutengenezwa, unaoiga ukumbi mkubwa au kanisa kuu la mawe. Mwangwi huo ukiwekwa juu ya mwangwi wa mabati, maneno hupotea. Unapaswa kuzimwa. Ukumbi wa bandia hauna cha kuliongezea kanisa la kweli ambamo watu wamebatizwa na kuagwa. Kupunguza kidogo eneo la hezi 250 hadi 400 huondoa uzito unaoziba sauti za waimbaji. Majaribio ya asubuhi katika kanisa tupu hudanganya, kwa sababu miili na nguo za watu hunyonya sauti. Fundi mwema husikiliza tena watu wakishajaa, akitembea hadi nyuma. Na mvua ikishuka juu ya mabati, hakuna amplifaya inayoishinda bila kuumiza masikio. Afadhali kusanyiko lisali kimya hadi ipungue.

Hatari kubwa zaidi ni mashindano ya sauti. Piano ikiongezwa, kwaya haijisikii, hivyo inaomba maikrofoni ziongezwe. Maikrofoni hunasa piano kutoka kwenye spika na kuanza kulia, mpigaji naye akishafunikwa huongeza tena. Étienne Lombard, daktari Mfaransa, alieleza mwaka 1911 kwamba mtu huinua sauti yake bila kujua anapozungukwa na kelele. Lakini kuna kikomo: mwimbaji asiyejisikia kabisa huacha kuimba. Ndiyo maana katika baadhi ya ibada vyombo hunguruma na waumini husimama kimya, wakitazama. Hapo sharti la tatu la Mtaguso limevunjwa hata kama kila noti ni safi.

Wairaqw wanacho kipimo chao cha jambo hili, cha kale kuliko makanisa ya Karatu. Slufay, sala na baraka inayotamkwa na mzee mbele ya watu, huenda pamoja na itikio la waliohudhuria. Mzee asemapo kwa kuwazidi wote bila kuwaachia nafasi ya kuitikia, slufay haijakamilika. Piano kanisani ina kazi inayofanana na ya mzee huyo: kutangulia, kutoa noti ya kuanzia, kushikilia mwendo, kisha kusikika chini ya sauti za watu. Kipimo rahisi ni hiki: kila muumini amsikie jirani yake wa benchi akiimba. Asipomsikia, piano ipunguzwe kwanza kabla ya kitu kingine chochote kuongezwa. Spika ndogo ya kurudishia sauti, ikimwelekea mpigaji na kwaya, huwawezesha kusikiana bila kuizidisha spika ya waumini.

Nje ya kuta wako majirani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 na kanuni za kelele za 2015 hazikuziacha nyumba za ibada, na Shirika la Afya Duniani linashauri sauti ya desibeli 80 isizidi saa 40 kwa wiki kwa usalama wa masikio. Dini zenyewe zilitangulia kusema: Kurani, katika sura ya 17 aya ya 110, inaelekeza sala isiwe ya sauti kubwa mno wala ya chini mno, na Amosi, katika sura yake ya tano, anawatangazia watu wasiotenda haki kwamba Mungu amechoka na kelele za nyimbo zao. Katika ibada ya mazishi uani, ambako hakuna ukuta wa kurudisha sauti, nguvu hupungua kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Kishawishi ni kuongeza sauti ili wa mwisho asikie, na walio mbele, ambao ndio wafiwa, wakaumia. Spika mbili zenye sauti ya chini, moja mbele na nyingine katikati ya umati, zote zikielekea kwa waombolezaji na kuipa kisogo nyumba ya jirani, huwafikia wote, na piano ikabaki chini ya sauti ya anayesoma wasifu wa marehemu.